Fomu ya mgeni haikutuuliza sisi wenyeji

Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye gazeti lako maana hili jambo limenikaa rohoni. Mwaka jana tuliletewa mgeni hapa kwetu Kihesa, binti wa miaka 17 toka Ujerumani, mwanafunzi wa kubadilishana, akakaa na sisi miezi kumi akisoma. Alivyoondoka shirika likaleta fomu ya kujaza, kurasa tatu, je mgeni alizoea chakula, je lugha ameishika, je alipata marafiki, nimejaza mpaka mwisho sijaona hata swali moja la kuuliza nyie wenyeji mmebaki vipi. Basi kwa kuwa hawakuuliza naomba nijibu hapa.

Kwanza hela. Mtaani walishasema tunalipwa dola, hata mwenye genge akaanza kunipandishia nyanya. Hatukulipwa hata senti. Tulichopata ni semina ya nusu siku, chandarua, maji ya kuchemsha, asiwe nje baada ya saa kumi na mbili jioni, soda, tukarudi nyumbani.

Siku anafika nimechinja jogoo, kumbe binti hali nyama. Siyo kwamba anaumwa, hali tu. Mwee! Tukampa maharage na chainizi, watoto wangu siku hiyo walimpenda sana maana jogoo mzima kabaki kwao.

Kilichonisumbua mimi ni "hapana" yake. Sisi wanyalukolo, Wahehe wa huku Iringa, ukikaribishwa chakula hata kama umeshiba utaonja japo tonge moja, yeye anakuangalia usoni anasema hapana mama asante nimeshiba, imeisha hiyo. Wiki ya kwanza nikajua ni dharau. Mwezi wa tatu sijui wa nne mwanangu wa kati naye akaniambia hapana mama nimeshiba, kwa sauti ile ile, nikataka kumzaba kibao, nikakumbuka yule mwingine nilikuwa namchekea, nikauteremsha mkono. Mpaka leo sijaipenda hiyo tabia ila hoja ya kuikataa sina.

Sasa niseme la shikamoo. Nilimfundisha mwenyewe, nikamwambia kirahisi tu, yeyote aliyekuzidi umri unamwamkia shikamoo. Kesho yake asubuhi, ilikuwa Agosti na baridi yetu ya Iringa mnaijua, dada wa kazi kainama nje anapuliza jiko la mkaa, binti katoka na blanketi mabegani akamwambia shikamoo dada. Dada ana miaka 22. Akageuka kuangalia nyuma yake nani anaamkiwa. Mimi nimesimama mlangoni na kikombe changu cha chai, nikamwona anavyojifuta mikono kwenye kanga haraka haraka, na hiyo marahaba yenyewe ilivyotoka ndogo kama kitu cha kuazima. Yupo kwangu mwaka wa nne, hakuna mtoto wangu hata mmoja aliyewahi kumwamkia, wanamwita jina tena kwa kupiga kelele toka sebuleni, njoo toa vyombo! Yaani nilikuwa namfundisha mgeni kitu ambacho humu ndani tulishakikata nusu zamani na wala sikuwa najua.

Jioni yake akauliza mbona dada anakula jikoni. Mume wangu akasema amezoea, mimi nikasema amezoea, na dada mwenyewe kule jikoni akasema nimezoea. Watu watatu jibu moja. Nikaona aibu. Ilichukua kama wiki mbili ndo akaja mezani, mara ya kwanza alikula matonge matatu akakimbilia masufuria. Na sitaki kujisifu hapa, mshahara sikumwongezea mpaka Januari.

Halafu kuna Kalenga, kwenye makumbusho ya Mkwawa, yule mtwa, yaani mtawala, wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Ni kama kilomita 15 tu toka mjini na mimi niliyezaliwa Iringa hii mara ya mwisho nilienda nikiwa darasa la tano, mgeni ndo alitaka twende. Sasa fikiria umesimama pale na binti wa Kijerumani, mbele yenu kwenye kioo fuvu la Mtwa Mkwawa, lile walilochukua Wajerumani alipokufa 1898 na likarudi 1954, tena kwa mkono wa gavana wa Kiingereza. Mwanangu wa mwisho, miaka sita, akamuuliza kwa sauti watu wote wakasikia, dada kwani babu yako ndo alilichukua? Nilitamani ardhi ipasuke. Binti akachuchumaa akamwambia sijui, nitauliza nyumbani, na kweli usiku ule aliongea na bibi yake kwenye simu muda mrefu, Kijerumani kitupu.

Alituambia shuleni kwao hajawahi kusikia habari ya vita ya Lugalo 1891 wala Zelewski, kamanda wa Kijerumani aliyeuawa pale na Wahehe pamoja na askari wake, nikataka kumcheka, ila aliponiuliza basi mama nisimulie ilikuwaje nikaishia sentensi mbili. Ikabidi mume wangu ampigie baba yake kule Ifunda, mzee wa miaka 80 na kitu, tukaweka spika, mzee akaongea mpaka salio likakata, tukaongeza akaendelea, vitu ambavyo hata mume wangu hajawahi kuvisikia kwa baba yake mzazi. Tulipomuuliza mbona hukuwahi kutusimulia akasema hamkuwahi kuuliza. Siku hizi Jumapili watoto wanampigia wenyewe na bando wananimalizia mimi.

Alivyoondoka yule wa mwisho aliendelea kumwekea sahani mezani karibu wiki nzima, na mkubwa alilia chumbani kafunga mlango, hiyo ya kufunga mlango nayo kaipata huko huko. Shirika halikupiga simu hata moja. Na hilo neno kubadilishana, mkubwa wangu ana miaka 16 ameniuliza zamu yake ni lini, nikawauliza wakasema watatujulisha, tangu hapo ni mwezi wa tano huu.

Ombi langu ni dogo, wanaotuletea wageni waongeze ukurasa wa nne kwenye ile fomu, wa wenyeji, kila mtu wa humo ndani ajaze mwenyewe. Dada ameshaniambia wakiuleta yeye anao wa kujaza.

Mama wa watatu,
Kihesa, Iringa