Barua kwa mwanangu anayetaka kumchora Liyongo

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Sisi hapa Mombasa hatujambo, goti la bibi yako limetulia na anakusalimu sana. Habari yako nimeipata, kwamba kazi yako ya mwisho chuoni unataka iwe kitabu cha katuni cha Fumo Liyongo, shujaa wa utendi wetu, chenye giza na damu yake yote, cha kusomwa na watu waliokwisha kupevuka. Nimefurahi mno. Nina maneno ya kukwambia kabla hujashika kalamu.

Vile vitabu vya katuni vya Hellboy ulivyoviacha chumbani nimevisoma vyote. Shangazi yako aliona pembe na mkia kwenye jalada, akauliza vipi shetani ameingia nyumba hii. Nilimwambia asome kwanza. Huyo Hellboy analetwa duniani akiwa mtoto Desemba 1944 kwa uchawi wa vita, na kila jini na mzuka anayekutana naye humwambia lile lile: umeumbwa uuangamize ulimwengu, na huo mkono wako wa jiwe ndio utakaofanya kazi hiyo. Lakini aliyemwokota ni profesa mmoja Mwingereza, Bruttenholm, akamlea kama mwanawe. Basi kila akiambiwa yeye ni nani, anakataa. Kuna mahali pembe alizozikata zinachipuka tena kichwani mwake, ndefu, naye anazishika kwa mikono yake na kuzivunja. Mimi ni mzazi, ukurasa ule niliutazama muda mrefu. Mtoto mdogo akiusoma ataona zimwi limekasirika. Mtu mzima ataona kiumbe anayeng'ang'ania malezi yake dhidi ya aliyoandikiwa, na hana hakika kama atashinda. Kwangu mimi hicho ndicho kinachokifanya kitabu kuwa cha wakubwa. Damu hata kitabu kibovu kinayo.

Usidhani uhuru huu ulikuja bure. Mwaka 1954 wachapishaji wa katuni wa Marekani walijiwekea kanuni zilizopiga marufuku wafu wanaotembea na wanyonya damu, na kwa miaka mingi katuni za kule zikabaki za watoto. Ni pale yalipoenea maduka maalumu ya katuni, yasiyojali muhuri wa kanuni hizo, ndipo wachoraji walipopumua. Mchoraji Mike Mignola alianza mfululizo wa Hellboy mwaka 1994 kupitia Dark Horse, kampuni ya Oregon, na mhusika akabaki mali yake mwenyewe. Hilo la umiliki ulikumbuke siku utakayoletewa mkataba.

Sasa tazama anavyochora. Wino mweusi anaumwaga mpaka nusu ya ukurasa haionekani kitu, halafu katikati ya vurugu anaweka kisanduku kidogo hakina neno: uso wa sanamu ya mawe, au ndege tu. Jicho linasimama pale, pumzi inarudi, kisha pigo linakuja. Katika kisa kimoja cha Ireland, Hellboy anabebeshwa maiti inayosema, aizike kabla ya alfajiri ili mtoto mchanga aliyeibwa arudishwe kwa wazazi wake. Kila makaburini anakofika anakataliwa, na mzigo uko mgongoni. Kisa chenyewe ni cha kale, cha watu wa Ireland. Mignola hakuokota mazimwi yake hewani: Baba Yaga amemtoa kwa Warusi, vichwa vinavyoruka usiku amevitoa kwa Wajapani.

Na Makoma je, kisa kingine cha Hellboy? Hiyo ya mwaka 2006, aliyoandika Mignola na sehemu kubwa ikachorwa na Richard Corben, inatokana na hadithi ya watu wa Sena, kando ya mto Zambezi: mtoto anayezaliwa na nyundo ya chuma na mfuko, anayapiga majitu yanayojenga milima na kuchimba mito, na mwishoni Mulimo, Roho Mkuu, anamchukua mawinguni. Andrew Lang aliichapisha kwa Kiingereza mwaka 1906, na karne nzima baadaye ikafika kwa wachoraji wa Marekani. Wameichora vizuri, sina kinyongo nao. Ila ilinichoma kwamba hadithi ya jirani zetu ilizunguka dunia kabla ya mmoja wetu kuishika. Ndiyo maana habari yako ya Liyongo imenikuta nimekaa tayari.

Najua utavutiwa na gereza alimofungwa Liyongo. Na livutie: mama anampelekea mwanawe mkate wenye tupa ndani, ngoma ya gungu inavuma nje, Liyongo anakata minyororo na hakuna anayesikia. Jaza weusi hapo utakavyo.

Lakini usikimbilie sindano ambayo mwanawe Liyongo anamuulia. Wachoraji wengi wangempa yule kijana ukurasa mmoja wa kumchoma babake kitovuni, basi. Mimi ningekuomba kurasa nyingi zaidi kwa yale mazungumzo yanayotangulia. Mfalme wa Pate amemwahidi kijana uwaziri na binti wa kuoa. Kijana anakuja kwa babake kumuuliza, kwa sauti ya mapenzi, ni kitu gani kinachoweza kumuua. Na Liyongo anajua. Moyoni anajua kijana ametumwa, bado anamjibu: sindano ya shaba, kitovuni. Kwa nini anamjibu? Utendi hautoi maelezo, na wewe usiyatoe. Usimwekee baba maneno ya kujieleza juu ya kichwa. Mchore mikono yake tu, mchore kijana akitazama chini.

Kisha kisimani. Amekufa amepiga goti, upinde na mshale mkononi, na mji mzima una kiu na hakuna anayethubutu kusogea, mpaka mamake aitwe kumbembeleza. Mama huyo umri wake uonekane usoni, usimfanye msichana.

Utendi wa Muhammad Kijumwa, ule wa 1913, nimekutolea fotokopi na nimeandika pembeni maana ya maneno ya Kiamu yanayoweza kukutatiza. Nitampa dereva wa basi la Ijumaa usiku, uwahi kuuchukua asubuhi. Mdogo wako anataka naye aone michoro. Mtumie ya mkate na tupa, ya sindano ingoje akue.

Mimi nianzie yale mazungumzo ya baba na mwana, hata kama ni penseli tupu. Piga picha unitumie kwenye simu.

Babako