Barua ya wazi kwa mpwa wangu anayetaka kwenda La Paz na bagi

Mpwa wangu,

Marahaba. Picha za bagi (hilo gari dogo la mchangani) uliyonunua huko Phoenix, Arizona, ili uende nayo La Paz, kusini mwa rasi ya Baja California, Meksiko, nimeziona, na mama yako naye ameziona, maana alinipigia simu siku hiyo hiyo. "Kaka, gari halina milango, halina paa, mtoto atafika kweli?" Nimemwambia atafika, ila kwa masharti. Masharti yenyewe nakuandikia hapa hadharani, kwa sababu wapo wengine wenye bagi za namna hii na hamu ya safari ndefu, na hawana mjomba fundi wa kumuuliza.

Umesema kuna fundi anataka kuitoa injini yako ya cc 1600 akuwekee kubwa zaidi yenye kabureta mbili. Mshukuru, lakini usikubali. Bagi yako imetokana na ile aliyoibuni Bruce Meyers pale Newport Beach, California, mwaka 1964. Meyers alikuwa mjenzi wa boti za faibaglasi. Ufundi wa boti akauhamishia kwenye bodi nyepesi ya gari la mchangani, akaitilia mashine ya Volkswagen Beetle. Bodi zilizofuata ziliwekwa juu ya chasisi ya Beetle iliyokatwa na kufupishwa kama sentimita 36, na yako ni ya ukoo huo. Aprili 1967 Meyers na mwenzake Ted Mangels waliiendesha bagi kutoka La Paz hadi Tijuana kwa saa 34 na dakika 45, wakaipita rekodi iliyokuwa inashikiliwa na pikipiki. Enzi hizo sehemu kubwa ya njia ilikuwa mawe na mchanga. Lami ya kuunganisha rasi yote ya Baja California ilikamilika 1973. Kwa hiyo nguvu unazo tayari. Unachotafuta sasa ni uhakika wa mambo mawili: kila kilichofungwa kibaki kimefungwa, na wewe dereva ufike ukiwa na akili yako timamu. Hilo la pili watu hulisahau, nami nitalirudia kwa kirefu.

Anza na nati. Faibaglasi ina tabia yake: ukikaza nati juu yake hujiminya polepole, mwisho nati inakuwa imelegea ingawa haijazunguka hata kidogo. Weka washa pana kila bodi inaposhikana na chasisi, ziwe na mpira chini yake, na utumie nati zenye nailoni ndani. Halafu tafuta rangi nyeupe na brashi ndogo. Kila nati ya maana (ya shokapu, ya usukani, ya kalipa au dramu ya breki, ya mguu wa injini) ichore mstari mmoja unaoanza kwenye nati na kuishia kwenye chuma iliyokalia. Ukisimama kujaza petroli, chuchumaa uangalie. Mstari ukiwa umenyooka, endelea na safari. Ukiwa umekatika, nati imetembea, na umeigundua kabla haijakuumiza. Kazi hiyo ni ya asubuhi moja, na sijui kitu kingine cha bei rahisi namna hiyo kinachookoa safari nyingi kiasi hicho.

Nati mbili kubwa za magurudumu ya nyuma, zile za milimita 36, zina habari yake. Hukazwa kwa nguvu ya karibu Nm (nyutoni-mita) 300, na hazikazwi kwa kukisia. Zikilegea kidogo tu, meno ya dramu huanza kuliwa, na siku moja gia inaingia, injini inanguruma, gari halitembei. Tafuta gereji yenye spana ya kupimia nguvu, kisha hakikisha pini imepita kwenye tundu lake. Ukiwa huko chini, tazama pia mikanda ya usalama imefungwa wapi. Ikiwa imefungwa kwenye faibaglasi, usiondoke Phoenix mpaka ihamishiwe kwenye chasisi na kwenye bomba la kinga nyuma ya viti. Miguu ya bomba hilo nayo ishuke hadi kwenye chasisi. Hapo sina mjadala.

Mipira ya petroli ibadilishe yote, hata ile inayoonekana mizima. Petroli ya Marekani siku hizi huchanganywa na ethanoli, nayo huikausha mipira ya zamani mpaka inapasuka. Kwenye kabureta kuna kibomba cha shaba cha kuingizia petroli ambacho kimeshikiliwa kwa kubanwa tu; kikishike kwa mkono, na kikicheza, kitolewe kifungwe upya. Kikichomoka barabarani kinamwaga petroli juu ya injini ya moto, na boksi la injini hizi ni la aloi ya magnesiamu. Magnesiamu ikishika moto, maji huuchochea. Ndiyo maana mtungi wa kuzimia moto ukae karibu na mkono wako, mbele ya kiti, na usifunikwe na mzigo wowote.

Injini yako haina rejeta. Hupozwa na hewa ya feni, na feni huzungushwa na mkanda ule ule unaozungusha jenereta. Taa nyekundu ya chaji ikiwaka unatembea, usijiambie "ni chaji tu, nitaangalia mbele". Huenda mkanda umekatika, na bila mkanda hakuna upepo unaofika kwenye silinda. Simama papo hapo. Chukua mkanda wa akiba, spana ya nati ya puli na bisibisi ya kuizuia puli isizunguke, na ujifunze kuubadilisha nyumbani, peke yako, kabla ya kuhitaji kufanya hivyo kando ya malori. Mkanda ukibonyezwa kwa dole gumba katikati, uingie ndani kama sentimita moja na nusu.

Mwenye bagi wa kwanza mara nyingi huyatoa mabati ya injini ili ipendeze. Angalia kama yale yanayozunguka silinda bado yapo, hasa ya chini, maana ndiyo yanayoilazimisha hewa ipite katikati ya mapezi badala ya kukimbilia nje. Hita ya Beetle ikishatolewa huacha matundu mawili kwenye kasha la feni. Yakiwa wazi, hewa iliyokusudiwa silinda inapotelea hapo. Yazibe. Pima nafasi ya valvu injini ikiwa baridi kabisa, milimita 0.15. Nafasi hiyo ikipotea, valvu ya moshi haikalii vizuri, haipati pa kuteremshia joto lake, na mwisho hukatika kichwa. Katika injini za muundo wa zamani, silinda namba tatu ndiyo huumia kwanza, kwa sababu kipoza oili kimesimama kwenye njia ya hewa yake. Oili yenyewe ni lita mbili na nusu tu, na kiasili injini hii ina chujio la wavu, haina filta. Pima kila unapojaza petroli, na ibadilishe kila kilomita 5,000.

Somo la joto utalipata siku ya kwanza. Ukishatoka Yuma, mji wa mpakani mwa Arizona na California, kwenye barabara kuu ya I-8 utapita katikati ya matuta ya mchanga ya Imperial, ambako magari ya aina yako hujaa msimu wa baridi, na baada ya Ocotillo unaanza kupanda milima hadi zaidi ya mita 1,200. Kuna vibao vinavyowaomba madereva wazime viyoyozi magari yasichemke. Wewe fanya hivi: shuka gia ya tatu mapema. Feni inafuata mizunguko ya injini, haifuati mwendo wa gari, kwa hiyo ukikaa gia ya nne injini ikigugumia, unaidai nguvu nyingi huku ukiinyima upepo. Gia ya tatu, malori yakupite, ukae mkono wa kulia.

Umeme wa bagi huwatesa watu kwa sababu moja kubwa. Bodi ya bati hurudisha umeme yenyewe, faibaglasi haipitishi. Kila taa lazima iwe na waya wake wa ethi unaorudi kwenye chasisi, na mara nyingi waya huo umefungwa kwenye bolti yenye kutu. Ukiona taa ya breki inafifia ukiwasha indiketa, usihangaike na balbu, safisha ethi. Kwa kuwa injini iko wazi, distribyuta na filta ya hewa pia zitengenezee kinga ya mvua.

Mzigo: kidogo, chini na mbele. Bagi ni nyepesi usoni, na ukirundika mabegi nyuma ya ekseli utahisi usukani unaelea upepo wa pembeni ukipiga. Tairi la akiba, vipuri na zana viende mbele. Tafuta pia sanduku la chuma lenye kufuli lililofungwa kwenye chasisi, maana gari lisilo na milango halilindi kitu, pamoja na swichi ya siri ya kukata umeme. Pasipoti na pesa zikae mwilini.

Sasa wewe mwenyewe. Katika gari la wazi dereva huchoka kabla ya mashine, na uchovu wake haupigi hodi. Upepo unakausha jasho kabla hujaliona, ngozi inabaki kavu, unadhani hutoki jasho, kumbe maji yanakwisha mwilini saa baada ya saa. Dalili utaziona kwenye uendeshaji: unachelewa kushika breki, unakasirishwa na kila lori, unasahau kuzima indiketa. Kunywa maji kila kituo hata kama huna kiu, kula kitu chenye chumvi, na utazame rangi ya mkojo wako bila aibu. Ukiwa wa njano iliyokolea, umeshachelewa.

Usimsikilize anayekuambia ngozi nyeusi haiungui. Inaungua. Pua, masikio, mgongo wa mikono na mapaja karibu na magoti ndiyo hupigwa zaidi ukiwa umekaa nyuma ya usukani. Vaa shati jepesi la pamba lenye mikono mirefu, glavu nyembamba, na mafuta ya kuzuia jua. Miwani iwe ya kuziba pembeni, kwa sababu kioo cha bagi ni kifupi na mchanga huzunguka ukaja kukupiga kwa nyuma. Beba kikoi. Kinafunga shingo asubuhi, kinaziba pua vumbi likitimka, kinafunika mapaja jua likipanda, na jioni ukifika hotelini kinakuwa kikoi.

Kelele nazo zinachosha, hata ukidhani umezizoea. Nunua vizibo vya masikio vinavyopunguza mngurumo lakini vinakuacha usikie honi na king'ora; sheria ya California inataka hivyo, na ndivyo usalama unavyotaka. Pia chukua koti zito lisilopitisha upepo. Jangwa linalokuchoma mchana hukutetemesha usiku, na vidole vilivyokufa ganzi havishiki klachi vizuri. Mpango wangu kwako: usizidi saa sita za kuendesha kwa siku, mwendo kama kilomita 90 kwa saa, na jua likianza kushuka uwe umeshapata pa kulala.

Kule Baja hilo la jua si ushauri tu. Barabara Kuu namba 1 ni nyembamba, sehemu nyingi haina ukingo, na usiku ng'ombe hulala au kusimama juu ya lami yenye joto. Lori lililo mbele yako likiwasha indiketa ya kushoto, huenda dereva anakwambia njia nyeupe, pita. Huenda pia anakata kushoto. Subiri mpaka ujue ni lipi. Kuhusu petroli, jaza El Rosario hata kama tanki linaonekana limejaa. Kutoka hapo hadi Guerrero Negro ni zaidi ya kilomita 300 bila kituo cha uhakika. Cataviña, kijiji cha njiani, huuzwa petroli ya madumu kando ya barabara, lakini usiitegemee. Tanki la Beetle ni la lita 40, ila bagi nyingi zimewekewa dogo zaidi, na geji zake haziaminiki. Pima lako kwa kijiti ulichokitia alama, ujue linakupeleka umbali gani, kisha ongeza dumu la lita 10 lililofungwa vizuri, mbali na injini.

Bima ya Marekani haikulindi dhidi ya madai ya ajali ukiwa Meksiko. Kata bima ya Meksiko kabla ya kuvuka, na ufuate kibali cha kuingia hapo mpakani. Kwa kuwa unabaki ndani ya rasi, gari halihitaji kibali cha kuingizwa kwa muda. Kwenye vizuizi vya wanajeshi punguza mwendo, toa miwani, salimia. Namba 078 ni ya Ángeles Verdes, mafundi wa serikali wanaosaidia wasafiri, ingawa simu hazishiki kote jangwani.

Kabla ya yote hayo, nenda Yuma na kurudi. Ni kama kilomita 600 kwa jumla. Beba mzigo ule ule utakaobeba kwenda La Paz, vaa nguo zile zile, lala huko usiku mmoja. Cha kuvunjika kivunjike karibu na nyumbani. Ukirudi, pitia mistari yote ya rangi, nusa petroli chini ya tanki, pima oili, kisha uniandikie nati zipi zimetembea. Nikishapata orodha hiyo ndipo tutapanga tarehe. Ukifika kwangu San Diego, bagi ilale nje usiku kucha ipoe, alfajiri tutapima valvu pamoja. Njoo na geji yako ya kupimia, yangu imechakaa.

Mjomba wako