Mkataba wa nyuklia usomwe kuanzia kifungu cha kuuvunja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nichangie mjadala unaoendelea gazetini mwako kuhusu mikataba ya ushirikiano wa nyuklia na mamlaka ya taifa. Wachangiaji waliotangulia wamegawanyika pande mbili. Wa upande mmoja wanasema kwamba nchi inayotia saini mkataba wa namna hiyo na dola kubwa inakuwa imekabidhi funguo za nyumba yake. Wa upande wa pili wanajibu kwamba mkataba ni makubaliano ya hiari, na kukubaliana kwa hiari ndiko kuyatumia mamlaka yenyewe. Nimezisoma hoja zote na nimeona kwamba wote wanaitazama saini, ilhali mamlaka ya nchi hupotea baadaye sana, siku ambayo mshirika mmoja anabadili nia na mwenzake anagundua kwamba hana pengine pa kwenda.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa India, nao unaanza miaka mingi kabla ya mkataba ambao wengi wanaukumbuka, ule iliotia saini na Marekani mwaka 2008. Mwaka 1963 India na Marekani zilikubaliana juu ya ujenzi wa kituo cha umeme wa nyuklia huko Tarapur, kaskazini ya Mumbai, na Marekani ikaahidi kukipatia fueli ya urani iliyorutubishwa, yaani iliyoongezewa nguvu ili ifae kinuni, kwa miaka 30. Vinu vyake viwili vilianza kuzalisha umeme mwaka 1969. Mei 1974 India ikalipua kifaa cha nyuklia katika jangwa la Rajasthan, kwa plutoniamu, malighafi ya bomu, iliyotoka katika kinu cha utafiti kilichojengwa kwa msaada wa Kanada na kilichotumia maji mazito (maji maalumu ya kuendeshea kinu) kutoka Marekani. Wauzaji wa teknolojia hiyo waliona kwamba imani yao imechezewa, na kusema kweli siwezi kuwalaumu. Mwaka 1978 Bunge la Marekani likapitisha sheria mpya iliyoweka sharti kwamba nchi isiyotambuliwa kuwa na silaha za nyuklia haitauziwa fueli mpaka ifungue vituo vyake vyote kwa wakaguzi wa kimataifa. India ilikataa. Ahadi ya miaka 30 ikakwama njiani, Ufaransa ikachukua nafasi ya muuzaji mwanzoni mwa miaka ya 1980, na fueli iliyokwisha kutumika ikabaki imerundikana kituoni kwa sababu Marekani haikuichukua wala haikuridhia ichakatwe upya ili kutoa plutoniamu iliyomo.

Katika mkasa huo hakuna aliyevamia ardhi ya India wala kuipa serikali yake amri. Kilichotokea ni kwamba sheria ya ndani ya nchi moja iliishinda ahadi ya nchi hiyo kwa nchi nyingine. Kila anayejadili mamlaka ya taifa katika mikataba ya nyuklia angefaa kuanzia hapo.

Waliojadiliana kwa niaba ya India miaka 30 hivi baadaye waliukumbuka mkasa huo vizuri. Tarehe 18 Julai 2005 Rais George W. Bush na Waziri Mkuu Manmohan Singh walitangaza mjini Washington nia ya kurudisha ushirikiano wa nyuklia ya kiraia. India ilikubali kutenganisha vituo vya kiraia na vya kijeshi, na kuviweka vinu 14 kati ya 22 chini ya ukaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lenye makao yake Vienna, huku yenyewe ikiamua ni vipi viwekwe upande upi. Baadhi ya wakosoaji walilia kwamba wakaguzi wa kigeni wataingia nchini. Hoja hiyo naiona dhaifu. Wakaguzi huhesabu fueli, hufunga lakiri, huweka kamera na kuandika ripoti. Nchi nyingi ambazo hakuna anayezishuku kuwa vibaraka wa yeyote, Japani na Ujerumani zikiwamo, zimeishi nao kwa miongo mingi.

Hoja nzito ilikuwa nyingine. Ili utawala wa Bush upate ruhusa ya kushirikiana na nchi ambayo haijatia saini Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia, Bunge la Marekani lilipitisha sheria maalumu, iliyotiwa saini Desemba 2006 na kujulikana kama Sheria ya Hyde. Ndani yake mliandikwa kwamba ruhusa hiyo itakoma India ikifanya jaribio jingine la bomu. Mliandikwa pia, kama sehemu ya sera ya Marekani, kwamba India ishirikishwe kikamilifu katika juhudi za kuitenga Iran na ikibidi kuiwekea vikwazo. Rais Bush alieleza alipotia saini kwamba maelezo hayo ya sera atayachukua kama ushauri tu, na serikali ya India ikashikilia kwamba inafungwa na mkataba wenyewe, si na sheria ya bunge la watu wengine. Kisheria jibu hilo lilikuwa sahihi. Lakini tayari mwaka 2005 na 2006 India ilikuwa imepiga kura dhidi ya Iran katika bodi ya shirika lile la Vienna, na raia aliyejiuliza kama kura ile ilitokana na fikra ya Delhi au na matumaini ya kupata mkataba hakuwa mzushi.

Mkataba uliokamilishwa mwaka 2007 unastahili kusomwa na yeyote anayetaka kujua jinsi nchi inavyojikinga. Haukutaja jaribio la bomu hata mara moja. Uliahidi kwamba fueli ikikatika, pande mbili zitaziita nchi rafiki kama Urusi, Ufaransa na Uingereza kutafuta njia ya kuirejesha, na kwamba India itasaidiwa kujiwekea akiba ya fueli ya kuendeshea vinu vyake. Aliyeandika vifungu hivyo alikuwa na Tarapur kichwani. Hata hivyo mkataba huohuo unasema kila upande utautekeleza kwa kufuata mikataba na sheria zake za ndani, na mlango ambao India ilijitahidi kuuziba ukabaki na ufa. Watetezi walitaja kanuni ya Mkataba wa Vienna wa 1969, unaoongoza mikataba kati ya nchi na nchi, kwamba nchi haiwezi kujitetea kwa sheria yake ya ndani pale inaposhindwa kutimiza ahadi ya kimataifa. Kanuni ni nzuri, ila Marekani iliutia saini Mkataba wa Vienna na haijauridhia mpaka leo.

Kuhusu haki ya kufanya majaribio ya silaha, ninaona pande zote mbili zilikuza mambo. India ilikuwa imetangaza yenyewe kusitisha majaribio baada ya yale ya Mei 1998, na hakuna karatasi iliyoizuia kubadili uamuzi huo. Kilichoandikwa katika sheria ya Marekani ni gharama ya kuubadili. Nchi ambayo ina akiba ya fueli ya miaka kadhaa, wauzaji watatu au wanne na vinu ilivyojijengea yenyewe inaweza kuitazama gharama hiyo na kuamua. Isiyo na lolote kati ya hayo haiamui kitu, hata kama katiba yake inaitaja kuwa dola huru katika ibara ya kwanza.

Jambo lililonisumbua zaidi katika historia hiyo ni tofauti ya mabunge mawili. Bunge la Marekani lilijadili mkataba kwa zaidi ya miaka miwili, likasikiliza mashahidi, likaandika masharti, likapiga kura mara mbili. Katiba ya India inaiachia serikali mikataba ya kimataifa bila kuhitaji bunge liiridhie, kwa hiyo wabunge wa Delhi walijadili bila kupewa kura juu ya mkataba wenyewe. Vyama vya mrengo wa kushoto vilipoondoa uungaji mkono wao kwa serikali Julai 2008 kwa kuupinga mkataba, kilichopigiwa kura tarehe 22 ya mwezi huo kilikuwa imani kwa serikali, nayo ikapona kwa kura 275 dhidi ya 256, katika kikao ambacho wabunge wa upinzani walimwaga mafungu ya noti mezani wakidai kwamba wamehongwa. Kwa hiyo wawakilishi wa watu wa Marekani waliamua kwa kina uhusiano wa India na nyuklia, na wawakilishi wa watu wa India waliamua tu kama waziri mkuu wao abaki au aondoke. Anayetafuta mahali mamlaka ya taifa yalipopungua aanzie hapo, na ajue kwamba waliosababisha upungufu huo hawakuwa Wamarekani.

Yaliyofuata yaliwashangaza wote. Septemba 2008 Kundi la Nchi Zinazouza Nyuklia liliondoa kizuizi kwa India, na mkataba ukatiwa saini Washington tarehe 10 Oktoba. India ikageuka ikanunua urani Urusi, Kazakhstan na Kanada, ikaingia makubaliano na Ufaransa, na baadaye na Australia na Japani. Mwaka 2010 bunge lake likapitisha sheria ya fidia kwa ajali za nyuklia iliyompa mwendeshaji wa kituo haki ya kumdai muuzaji wa mitambo yenye kasoro. Sheria hiyo ilibeba kumbukumbu ya maafa ya gesi ya mwaka 1984 katika kiwanda cha kampuni yenye asili ya Kimarekani mjini Bhopal, na kampuni za Kimarekani ziliichukia. Miaka mingi baada ya saini, hapakuwa na kinu hata kimoja cha Kimarekani kilichosimama India kutokana na mkataba huo. Kama lengo lilikuwa kuifunga India kamba, basi mfungaji ndiye aliyebaki ameshika ncha tupu.

Haifuati kwamba kila nchi itatoka salama namna hiyo. Falme za Kiarabu, katika mkataba wake wa 2009 na Marekani, ziliahidi kutorutubisha urani wala kuchakata fueli iliyotumika, kazi mbili zinazoweza pia kutoa malighafi ya bomu, lakini zikapata haki ya kuomba masharti yapitiwe upya iwapo nchi nyingine ya Mashariki ya Kati itapewa nafuu zaidi. Huo kwangu ni uamuzi wa mtu aliyepiga hesabu. Korea Kusini, ambayo imefikia kuziuzia nchi nyingine vinu, mkataba wake wa 2015 na Marekani bado uliifunga isirutubishe urani bila ridhaa. Uturuki ilikubaliana na Urusi mwaka 2010 kwamba kituo cha Akkuyu kitajengwa, kumilikiwa na kuendeshwa na Warusi, ambao hisa zao hazitashuka chini ya asilimia 51, na ikaahidi kununua sehemu ya umeme wake kwa bei iliyopangwa kwa miaka 15. Bangladesh imekopa Urusi zaidi ya dola bilioni 11 kwa ajili ya kituo cha Rooppur. Katika mifano hii miwili ya mwisho hofu ya zamani ya wakaguzi inaonekana ndogo mno. Kule Uturuki Urusi ndiyo mwenye kinu, kule Bangladesh ndiyo mdai, na kote kuwili ndiyo inayoleta fueli. Ukraine, ambayo vinu vyake 15 vilibuniwa enzi za Kisovieti, ilianza kujaribu fueli ya kampuni ya Kimarekani ya Westinghouse miaka mingi kabla ya vita vya 2022, polepole na kwa gharama kubwa, na ilipofika siku ya kukata ununuzi wa Urusi ilikuwa na pa kushika.

Kwa sababu hizo, Ndugu Mhariri, nina ombi kwa gazeti lako. Mkataba wa aina hii unapotiwa saini, magazeti huchapisha picha ya mawaziri wakipeana mikono na idadi ya megawati zilizoahidiwa. Ule wa India na Marekani uliandikwa kudumu miaka 40, lakini kifungu cha 14 kinauruhusu upande wowote kuuvunja kwa notisi ya mwaka mmoja na kudai kurudishiwa vifaa na fueli, kwa kulipa thamani yake. Kinu kikikamilika hufanya kazi miaka 60. Nafasi ya ile picha ichapishwe kifungu kama hicho, neno kwa neno, kabla wabunge hawajakaa kujadili, na pembeni yake liandikwe jina la muuzaji wa pili wa fueli, kama yupo.

Wako msomaji,
Mfuatiliaji wa masuala ya nishati