Msipime presha mkono huo

Mhariri,

Miaka kumi na sita nanunua gazeti lenu bila kuwaandikia, lakini taarifa yenu ya juma lililopita kuhusu wagonjwa wa figo imeniuma. Mmesema njia ya kusafishia damu huziba kwa sababu wagonjwa hawaitunzi. Mke wangu aliitunza yake kama mboni ya jicho.

Daktari huunganisha ateri (mshipa utoao damu moyoni) na vena (mshipa uirudishao) mkononi, vena ipanuke ihimili sindano mbili nene za mashine ya kusafisha damu, mara tatu kwa wiki; muungano huo huitwa fistula. Lakini vena haikuumbwa kwa kishindo cha damu ya ateri. Ukuta wake hunenepa kwa ndani, njia inakuwa nyembamba, damu inapita kwa shida, mwisho inaganda. Humpata hata mgonjwa mtiifu. Mbona hilo hamkuliandika?

Kila alfajiri tuliweka vidole juu ya mshipa ule kusikia mtetemo wake. Ukawa unafifia, na sindano zikichomolewa damu ilichukua nusu saa kukata. Tuliuliza, tukaambiwa ni kawaida. Si kawaida, ni dalili ya mshipa kuziba, na ukiwahiwa huweza kupanuliwa kwa puto! Kisha akashikwa na homa, nikamkimbiza zahanati. Nesi akamfunga kipimo cha presha mkono uleule. Mke wangu akamwambia, "Dada, mkono huu una fistula." Akajibiwa, "Fistula si ya wazazi hiyo? Imefikaje mkononi?" Na akaendelea kujaza upepo. Mgonjwa ameishiwa maji, presha iko chini, mshipa umeshaanza kuziba, na bado unabanwa! Asubuhi niliweka vidole, kimya. Leo anasafishwa kwa mpira wa shingoni.

 

Naomba kila mgonjwa wa aina hii avae kitambaa chekundu, upana wa vidole vitatu, kilichoshonewa kwenye mkono wa nguo (bangili hapana, inabana), kiandikwe: USIPIME PRESHA, USITOE DAMU HAPA. Na kila nesi wa zahanati afundishwe maana yake. Mke wangu ni fundi cherehani. Ameshashona kumi na viwili, amewagawia wenzake wa zamu ya Jumanne.

Msomaji wenu,
Kimara, Dar es Salaam