Hatujakuibia Inchi: Soma Hii Kabla Hujatuletea Plani ya Fanicha Kutoka Intaneti

Kila mwezi lazima aje mteja mmoja hapa karakana yetu ya mbao Mombasa. Anatoa tepu yake mfukoni, anapima mbao hapa hapa uwanjani, anakunja uso halafu anauliza kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Fundi, mimi nimelipia mbao ya inchi mbili kwa nne, mbona hii ni moja na robo tatu? Hiyo robo mmeipeleka wapi?" Juzi mwengine hakuuliza hata, alienda moja kwa moja kuandika mtandaoni ati karakana yetu inaiba inchi, na wenzake wakamuunga mkono huko bila hata mmoja wao kuwahi kushika randa. Sawa. Wacha tujibu mara moja kwa maandishi, akija mwengine tunamtumia hii kwa WhatsApp na kazi inaendelea.

Inchi yako haijaibiwa, imeenda kwa randa. Mbao ikitoka kiwandani huko bara inakuja na alama za meno ya msumeno, ncha moja nene, ncha nyengine nyembamba, na mara nyingi hata hiyo mbili kwa nne haikufika mbili kamili tangu ilipopasuliwa. Sasa wewe unataka meza ambayo ukipitisha mkono haukuchomi kibanzi, kwa hivyo lazima ipigwe randa pande zote nne, na kila upande unaacha kitu kwenye mashini. Yale magunia ya maranda unayoona watu wa kuku wakija kuchukua jioni, ndiyo robo yako hiyo. Ukitaka mbili kamili baada ya randa inabidi tuanze na mbao nene zaidi, na hiyo bei yake ni nyengine, halafu tutaanza tena kuambiwa sisi ghali.

Cha kuchekesha ni kwamba hiyo plani uliyokuja nayo hata yenyewe haitaki mbili kwa nne kamili. Hapa ndo watu wengi huumia kwa hivyo tusikimbie. Plani nyingi za bure zinatoka Marekani, na Marekani mbao inayoitwa mbili kwa nne ikifika dukani ishakaushwa na kupigwa randa, ukiipima ni inchi moja na nusu kwa tatu na nusu. Jina limebaki la zamani tu. Moja kwa sita ya kwao ni robo tatu ya inchi kwa tano na nusu. Kila mtu kule anajua, kwa hivyo anayechora plani haelezi, anapiga hesabu zake kimya kimya na inchi tano na nusu huku ameandika sita. Wewe ukiwa Kisauni utajuaje?

Kuna mwalimu mmoja wa Mtwapa alitaka kujitengenezea meza ya kulia, kubwa, ya kuweka barazani. Plani yake ilikuwa na mbao sita za mbili kwa sita zimepangwa kuwa uso wa meza, na fremu ya chini upana wake inchi 33. Akasisitiza tusipige randa sana, alitaka sita kamili manake amelipia sita. Tukampa. Zidisha mwenyewe: sita mara tano na nusu ni 33, plani iko sawa kabisa kwa mbao za Marekani. Lakini sita mara sita ni 36. Akafika kwake akaunganisha fremu, akapanga mbao za juu, zikatokeza inchi tatu ambazo hakuna popote zilipoandikwa, benchi za kuingia chini ya meza nazo zikagonga miguu. Akarudi na hasira tumemkatia vibaya. Tukamtolea karatasi yake mwenyewe, kwa mwandiko wake, 33 na sisi tumekata 33, sio 32 na robo tatu. Ndo maana hatutupi karatasi za wateja hapa, watu hutucheka na lile boksi tunamoziweka lakini limetuokoa mara nyingi.

Vitanda ndo balaa zaidi. Godoro la Marekani wanaloliita queen ni inchi 60 kwa 80. Godoro lako la tano kwa sita ulilonunua Mwembe Tayari ni 60 kwa 72. Upana sawasawa, ndo mtego wenyewe, manake mtu anaona 60 anasema hapa pamoja. Kijana mmoja wa Likoni alikuwa anakaribia kuoa, akataka kitanda akitengeneze kwa mkono wake mwenyewe, jambo zuri sana hilo mashallah, akakatisha mbao zote kwetu kwa plani akavusha na feri juu ya mkokoteni. Siku ya kuweka godoro, upande wa miguuni kumebaki shimo la inchi nane. Mwanzo akajaza mito. Halafu akatupigia simu. Na sio kazi ya kukata tu ukasema shwari, manake matundu ya bolti yashatobolewa, vanishi ishapigwa, vibao vya chini vya kubeba godoro vishagawanywa kwa urefu ule mrefu. Tulikata zile mbao za ubavuni, tukatoboa upya, tukapiga msasa na vanishi tena, na bili ya marekebisho ikamuuma kuliko ya kwanza. Angetuletea lile karatasi kabla tungemuuliza swali moja tu: godoro lako ni la ngapi kwa ngapi?

Swali la pili tungemuuliza chandarua utatundika wapi, sababu plani za huko hazina nguzo, wao hawalali kwa neti. Wateja wengi huja baadaye kuongezewa nguzo nne kwa kitanda ambacho hakikuandaliwa, na nguzo ya kuchomekwa baadaye hata fundi awe mzuri vipi itatikisika.

Sasa tuje kwa njia ya mkato ambayo inatuletea ugomvi kila siku. Mtu anaona bei yetu ya mbao, anaenda kutafuta ya rahisi kwa lori linalotoka bara, analetea kwetu tumkatie tu. Hatukatai. Lakini ile mbao ya lori, saiprasi, ni mbichi bwana, ukiishika ni baridi, ni nzito, ukigongelea msumari maji yanatoka pembeni. Mbao mbichi ikianza kukauka inasinyaa kwa upana, urefu karibu haubadiliki, na haisinyai sawa pande zote kwa hivyo inajikunja na kujinyonga. Utaikata leo ikiwa mraba safi, baada ya wiki kadhaa ndani ya nyumba viungo vinaachia, gundi inabanduka, skrubu zinacheza. Na nani atalaumiwa? Aliyekata.

Mama mmoja wa Bamburi alitengeneza kabati la vyombo la namna hiyo yeye na wanawe, kazi nzuri kwa macho kabisa, milango ya mbao ngumu zilizounganishwa kwa gundi ndani ya fremu, na ule ubao wa katikati nao wakaumwagia gundi pande zote nne usitoke. Haukutoka kweli. Ulipasuka katikati juu mpaka chini, unapitisha kadi ya benki kwenye ufa. Ubao wa katikati ya mlango haupakwi gundi, unakaa kwenye mfereji uliochimbwa ndani ya fremu ukielea uweze kutanuka na kusinyaa. Angalieni ile milango ya zamani ya Mji wa Kale, imesimama na jua na chumvi miaka na miaka, wale mafundi walijua mbao haifungwi pingu.

Sisi mbao zetu zinakaa chini ya bati miezi, zimepangwa na vijiti katikati hewa ipite, ncha zimepakwa rangi zisipasuke. Zile zinachukua nafasi, tunalipa kodi ya uwanja, na pesa yetu imelala pale. Unapoona futi yetu iko juu kuliko ya lori, hiyo ndo sababu. Na tangu serikali iliposimamisha ukataji wa miti 2018, bei tuliyozoea zamani hatujaiona tena, kwa hivyo mkituuliza "mbona mwaka ule ilikuwa vile" hata sisi tunajiuliza.

Kitu chengine, hewa ya Mombasa ina unyevu karibu mwaka mzima. Hata mbao kavu kabisa ikifika hapa itanywa kidogo. Droo iliyobana vizuri wakati wa kaskazi, masika yakiingia haifunguki, mtu anavuta mpaka kishikio kinamkalia mkononi. Ndo maana sisi tukikata mbao za droo tunaacha nafasi na mteja anadhani tumekosea kipimo. Na ndo maana tunauliza kama chumba kina AC, sio udaku, ni kwamba chumba cha AC kinakausha mbao na baraza inailoweza, meza moja haiwezi kukatwa sawa kwa zote mbili.

Skrubu sasa. Plani imeandika skrubu za inchi mbili na nusu, mtu anaingia hadiwea anapewa zile nyeusi za jipsamu kwa sababu ni rahisi. Zile ni za kushikilia bodi ya jipsamu darini, ni ngumu lakini ni kavu, zikipata mzigo wa kusukumwa zinakatika tii. Na nje kwenye upepo wa bahari zinashika kutu haraka sana. Tuliletewa benchi ya roshani kutoka Nyali, ghorofa inayotazama bahari, mgeni alikaa tu ikaenda chini, kichwa cha kila skrubu kilikuwa kimebaki vumbi jekundu. Karibu na bahari tumia za shaba au stenlesi. Za shaba ni laini, kwa mbao ngumu kama mvule zitakatika ukizilazimisha, kwa hivyo toboa kwanza, pitisha skrubu ya chuma ya saizi ile ile itengeneze njia, itoe, ndo uweke ya shaba ukiwa umeipaka nta ya mshumaa. Hii tunakupa bure.

Halafu kuna mbao zilizotumika kumwagia zege. Jamani. Tunajua ni za bei ya chini, na mtandaoni wanawaonyesha watu wakitengeneza meza nzuri kwa mbao kuukuu. Lakini ile simiti iliyoganda inamaliza meno ya randa kwa muda mfupi, na msumari mmoja uliokatikia ndani ukikutana na kisu cha mashini, kisu kimepata pengo, kazi zote za siku ile zinatoka na mstari mpaka kinolewe. Fundi wetu mmoja kipande cha msumari kilimpita karibu na sikio. Ndo maana tunatoza zaidi kwa mbao hizo, na tunapitisha sumaku kwanza mbele yako, na kisu kikiharibika kwa msumari uliotuambia haupo tutakuonyesha kisu na msumari pamoja.

Kuhusu ile pesa tunayotoza ya kurekebisha plani, ambayo watu wanasema "mnatutoza kwa kusoma karatasi". Hatusomi tu. Tunakaa na plani tunaichora upya kwa unene wa mbao tuliyonayo siku hiyo, tunabadilisha kila kipimo kinachotegemea unene, tunapanga vipande kwenye mbao ili mabaki yawe kidogo, tunahesabu na unene wa msumeno, manake kila mkato unakula kama milimita tatu. Mbao ya futi nane haitoi vipande vinne vya futi mbili kamili, kipande cha mwisho kitapungua, na mwenye plani ya intaneti hununua kamili kamili halafu anarudi kununua futi moja. Plaiwudi vile vile, plani inasema robo tatu ya inchi, ya hapa ni milimita 18, inapungukiwa kidogo tu lakini mfereji uliochimbwa kwa robo tatu utaiacha ikicheza. Ukinunua mbao kwetu pesa ya plani tunaikata kwenye bili. Usiponunua unalipa, na karatasi ni yako, peleka kwa fundi yeyote.

Hatuna ubaya na mtu anayetaka kutengeneza mwenyewe, tunafurahi hata, vijana wengi wameanza na stuli ya jikoni au rafu ya viatu na leo wanatengeneza vitu vya kueleweka. Anza na hivyo. Usianze na kabati la nguo la milango mitatu, na kabla ya chochote pima mlango wako na kona ya ngazi, kuna sofa ya mtu Tudor ilibidi tuikate miguu ndani ya ngazi ili ipande ghorofa ya tatu.

Tuletee plani kabla hujanunua mbao, pamoja na kipimo cha godoro, na utwambie itakaa ndani au nje. Jumamosi asubuhi ndo tuna nafasi ya kukaa na mtu, katikati ya wiki mashini zinapiga kelele hatusikizani. Na kama ushanunua tayari, njoo tu, tutaona la kufanya, ila zile za zege misumari ing'oe nyumbani kwako.