Pakiti ya mbegu haisemi kama mahindi yanaita nyigu

Mhariri,

Mwandishi wenu wa kilimo alishauri kwamba jani la mahindi likishatobolewa, mkulima abebe pampu ya dawa bila kungoja. Nina nusu ekari hapa Mbita, na ushauri huo niliufuata miaka 3.

Mvua ndefu zilizopita mgongo uliniuma, pampu ikalala stoo. Nilikuwa nimepanda mbegu chotara, na pembeni mistari 6 ya nyamula, yale mahindi ya njano aliyotuachia mama mkwe. Bungua, wale viwavi wa nondo wanaotoboa bua, waliingia kote. Ila kwenye nyamula nikaona vinyigu vyeusi, vidogo kuliko sisimizi, vikizunguka majani. Nilipopasua bua moja nikamkuta bungua amenyauka, ubavuni pake lundo la vifuko vyeupe kama pamba.

Aliyenifungua macho ni kijana niliyemfundisha darasa la sita, siku hizi yuko maabara. Mdudu akitafuna, jani hutengeneza homoni iitwayo asidi ya jasmoniki. Homoni hiyo huamsha protini zinazomzuia mdudu kumeng'enya alichokula, na pia harufu inayowaita nyigu wanaotaga mayai ndani ya viwavi na hivyo kuwaua. Ukilikata jani kwa wembe harufu ni hafifu. Mate ya kiwavi ndiyo huikoleza. (Mwalimu hafundishwi na mwanafunzi? Mimi nilichukua daftari nikaandika.)

Sasa linalonikera. Mwaka 2011 watafiti wa ICIPE, shirika la kimataifa la utafiti wa wadudu lenye kituo papa hapa Mbita, walionyesha kwamba mahindi fulani ya asili kutoka Amerika ya Kilatini huanza kuita nyigu nondo anapotaga tu, kabla jani halijaguswa. Chotara walizopima zilinyamaza. Baadaye tabia hiyo ikaonekana hata kwa mbegu za kienyeji za wakulima wetu. Lakini pakiti ninayouziwa inanieleza siku za kukomaa na magunia kwa ekari, basi. Wanaoidhinisha mbegu wapime na hili, walichapishe.

Sisemi chotara itupwe. Mistari 6 ya nyamula ilinipa mikebe 21 ya gorogoro, mistari 6 ya chotara mikebe 30, na watoto wanataka ugali. Ndiyo maana nataka mavuno na harufu viwe ndani ya pakiti moja. Kwa sasa, jirani anayetaka kujaribu nyamula aje na mkebe wake, mbegu ninayo.

Mwalimu mstaafu,
Mbita, Homa Bay