Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri yetu kuhusu mashine ya eksirei

Ndugu Mkurugenzi,

Salaam. Najua mwalimu hatarajiwi kumwandikia mwajiri wake hadharani, lakini barua nilizopitisha kwa mtendaji wa kata na kwa diwani hazijajibiwa, na wiki hii mwanangu wa darasa la pili ameanguka kutoka kwenye mwembe ulio nyuma ya shule, akavunjika mkono juu kidogo ya kiwiko. Hospitali ya wilaya ilituambia kile kile inachowaambia wazazi wenzangu tangu kiangazi: eksirei ni mbovu, nendeni mkoani.

Miembe ya Tabora ilikuwapo tangu enzi za misafara, kwa hiyo haiwezekani ikawa imeishtukiza Halmashauri. Kila msimu wa maembe, watoto wa madarasa ya chini huvunjika kiwiko, kwa kuwa anayeanguka hutanguliza kiganja na kishindo kikapanda hadi pale mfupa ulipo mwembamba. Wakubwa kidogo huvunjika kigasha, karibu na kifundo cha mkono. Waliovunjika paja au muundi kwa kawaida ni wa bodaboda, wale wanaopakiwa mshikaki kila asubuhi huku askari wakitazama. Nashuku hata njaa inachangia, maana mtoto asiyepata chakula cha mchana shuleni ataona embe bivu aliache kwa hoja ipi? Hayo ni makisio yangu, na daktari anaweza kunisahihisha.

Nisichokikisia ni kwamba mfupa wa mtoto huunga upesi kuliko wa mtu mzima, na usiponyooshwa mapema huunga ukiwa umepinda. Kwenye mkutano wa hadhara ulituahidi kwamba kipuri kiko njiani. Tunakitakia safari njema. Labda nacho kimepakiwa mshikaki. Wakati tunakisubiri, mzazi asiye na nauli anakwenda kwa mganga wa mifupa, ambaye akikaza mno vijiti na vitambaa damu haipiti, vidole vinakuwa vyeusi, na mtoto anaishia kukatwa mkono ambao ungepona.

Mwanangu alisafiri kwa basi, mkono umeegeshwa kwenye kipande cha boksi na kuning'inizwa kwa kanga yangu, vidole vimevimba. Tulipofika, kabla ya kuuliza jina, muuguzi alimfinya kucha kuona kama damu inarudi. Sera ya Afya ya 2007 inamsamehe gharama mtoto aliye chini ya miaka mitano. Wangu ana saba, umri wenyewe wa kupanda miti, hivyo nimelipia picha, hogo (plasta ngumu ya kushikilia mfupa) na gesti kwa mkopo wa kausha damu, kwa mshahara unaoufahamu vizuri kuliko jirani zangu.

Siombi jengo jipya, wala ziara yako na wapiga picha. Naomba mashine ya eksirei itengenezwe. Itengenezwe kabla maembe hayajaisha. Na kama hata hilo ni zito, basi agiza libandikwe tangazo getini kwamba mashine haifanyi kazi, ili mzazi asilipishwe kwanza fedha ya kumwona daktari ndipo aambiwe aende mkoani.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa shule ya msingi, na mama wa mtoto mwenye hogo